Picha za Harusi Hazirudiwi: Mazungumzo kwa Wahariri wa Video na Wateja Wao

Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wanaopiga na kuhariri video, pamoja na wakazi wanaowapa kazi hiyo katika harusi, mazishi, harambee na mikutano ya hadhara.



Fikirieni Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya harusi. Mpiga video ameketi mbele ya kompyuta yake. Jumamosi alipiga picha kutwa nzima, akarudi nyumbani usiku akiwa hoi, akaanza kunakili picha kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye kompyuta, kisha akalala. Jumapili aliitwa kwenye harambee. Kadi ilikuwa imejaa, akaifuta akiamini kwamba kila kitu kimeshahifadhiwa. Leo anafungua folda na kugundua kuwa stima ilipotea usiku ule na kompyuta ikazimika kazi ikiwa nusu. Misa imo. Keki imo. Ila baraka za babu ya bibi harusi hazimo, na mzee yule alisafirishwa kutoka mbali akiwa mgonjwa ili azitamke siku ile.

Huo ni mfano tu, lakini kila aliyefanya kazi hii kwa miaka michache ana kisa kinachofanana nao. Una funzo ambalo linatangulia mengine yote: mteja halipii madoido, analipia kumbukumbu. Mhariri anaweza kujifunza kurusha maandishi yanayozunguka na kubadilisha rangi za anga, lakini akipoteza baraka za babu, hakuna programu ya kuzirudisha.

Hifadhi kwanza, hariri baadaye

Kanuni inayofuatwa na wahariri duniani kote ni ya tatu, mbili, moja. Nakala ziwe tatu, ziwe kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa studio ndogo, hiyo ina maana ya nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye diski inayowekwa nyumbani au kwa mtu wa kuaminika. Mwizi akivunja kibanda, au paa likivuja, kazi ya mteja inabaki.

Kadi isifutwe siku ile ile. Kabla ya kuifuta, mhariri afungue video ya kwanza, ya katikati na ya mwisho katika kila nakala, azicheze, kisha alinganishe idadi ya faili na ukubwa wa folda. Kazi hiyo haichukui hata robo saa. Kila folda ipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha shughuli na kamera, ili ipatikane hata baada ya miaka mitano.

Ni vyema pia kupiga hesabu ya nafasi mapema. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 22.5 kwa saa. Ikirekodi megabiti 100, ni gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya saa sita kwa kamera mbili za megabiti 50 ni gigabaiti 270, na nakala tatu ni zaidi ya gigabaiti 800. Gharama ya diski basi ni sehemu ya bei ya kazi, na inafaa kuhesabiwa kabla ya kumtajia mteja bei.

Taa zinazopepesa na sauti inayochelewa

Matatizo mengi yanayoletwa kwenye uhariri huanzia kwenye kamera. Stima ya Kenya huenda kwa hezi 50. Kwa sababu hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo macho hayaioni lakini kamera huiona. Kamera ikiwekwa fremu 30 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/60, kama zilivyo kamera nyingi zinapotoka kiwandani, ukumbi huonekana kama unapumua au una mistari inayopanda na kushuka. Dawa yake ni fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, au ya 1/100 mwanga ukiwa mwingi. Kuondoa kasoro hiyo wakati wa kuhariri ni kazi ngumu, na mara nyingi haiishi kabisa.

Simu nazo zina tabia yake. Nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe kulingana na mwanga na joto la simu. Video ikichezwa kwenye simu haionyeshi kasoro yoyote, lakini ikiingizwa kwenye programu ya kuhariri, midomo na maneno huanza kuachana. Mwanzoni ni kidogo, baada ya nusu saa mhubiri anafunga mdomo na maneno bado yanatoka. Suluhisho ni kuipitisha video kwanza kwenye programu ya kubadilisha faili, kama HandBrake ambayo hailipiwi, na kuchagua idadi ya fremu isiyobadilika. Baada ya hapo uhariri unaweza kuanza.

Kompyuta ikilemewa, haina maana lazima inunuliwe mpya. Programu nyingi za kuhariri hutengeneza nakala nyepesi za video. Mhariri hukata na kuunga akitumia nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu hurudi kwenye picha halisi. Kwa njia hii kompyuta ya kawaida inaweza kuhariri video kubwa bila kukwama kila dakika.

Watu husamehe picha kuliko sauti

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Maneno yasiposikika, huzima. Katika mazishi, kinachotafutwa baadaye na familia ni wasifu wa marehemu na maneno ya watoto wake, na hayo hupotea kwa sababu kamera ilikuwa nyuma ya hema huku jenereta likinguruma.

Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, au simu ya ziada iliyowekwa karibu na msemaji ikirekodi sauti peke yake, huokoa kazi nyingi. Mwanzoni mwa kurekodi, mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera. Mshindo huo humsaidia mhariri kulinganisha sauti ya simu na picha ya kamera.

Katika kuhariri, maneno ya msemaji yafike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri pale yanapopanda juu kabisa. Muziki ukiwa chini ya maneno, ushushwe desibeli 15 hadi 20 chini yake. Kisha kazi isikilizwe mara mbili: kwa vipokea sauti vya masikioni, halafu kwa spika ya simu ya kawaida, kwa kuwa huko ndiko wakazi wengi watakapoitazama.

Rangi zije baada ya sauti. Kazi ya kwanza ni kusawazisha weupe ili gauni la bibi harusi liwe jeupe katika kamera zote mbili. Ya pili ni ngozi. Vichujio vingi vilivyotengenezwa tayari hufanya ngozi nyeusi ionekane ya kijivu au ya machungwa. Mhariri atazame uso, na kichujio kikiharibu sura ya mtu, kiondolewe.

Kazi inavyobadilika

Wapo hapa wanaokumbuka kanda za VHS, na wapo waliouza DVD za filamu zilizotengenezwa kwa bajeti ndogo pale River Road, Nairobi, tasnia iliyopewa jina la Riverwood. Kenya ilizima matangazo ya runinga ya analogi mwaka 2015. Mwaka 2016 kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha. Tangu hapo kanda zilizo kwenye makabati ya nyumbani zimekuwa zikizeeka pamoja na mashine za kuzichezea. Kuzigeuza ziwe za kidijitali ni huduma ambayo kijana mwenye deki nzima na kifaa cha kunasa picha anaweza kuitoa leo. Kadiri miaka inavyopita, deki nzima zinazidi kuadimika.

Bei ya kuingia kwenye kazi nayo imeshuka. DaVinci Resolve ina toleo lisilolipiwa ambalo halichapi nembo juu ya video. Kdenlive na Shotcut ni bure kabisa. Hakuna haja ya kupakua programu za wizi ambazo mara nyingi huja na virusi.

Video za wima zimeenea kwa sababu ya simu. Anayejua kwamba kazi itaenda TikTok na pia kwenye runinga ya ukumbi, apige kwa upana na kumweka msemaji katikati ili pande zikatwe baadaye. Maandishi yasiwekwe chini kabisa wala ukingoni kulia, kwa kuwa vitufe vya programu huyafunika.

Bando pia lihesabiwe. YouTube hupendekeza takriban megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 yenye fremu 25. Dakika kumi kwa kiwango hicho ni kama megabaiti 600. Kwa WhatsApp, video ikitumwa kama video hubanwa na kupoteza ubora. Ikitumwa kama hati, hubaki ilivyo, mradi isizidi gigabaiti 2.

Kisha kuna akili unde. Leo programu huondoa kelele za upepo na huandika manukuu zenyewe. Ni msaada mkubwa, hasa kwa wakazi wasiosikia, lakini mashine hukosea majina ya watu, majina ya vijiji, Sheng na lugha za mama. Manukuu yasomwe na binadamu kabla ya kutolewa. Jina la marehemu likiandikwa vibaya, familia haitasahau. Na pale akili unde inapoweza kumtia mtu maneno ambayo hakuyasema, mhariri mwaminifu asikubali kazi hiyo hata kwa malipo mazuri. Tangu Machi 2024, YouTube huwataka wanaopandisha video kutangaza iwapo zina picha au sauti za kubuni zinazoonekana kama za kweli.

Mapatano na sheria

Ugomvi mwingi kati ya wahariri na wateja hautokani na ubora wa kazi. Hutokana na mambo ambayo hayakusemwa. Karatasi moja yatosha: bei na malipo ya awali, tarehe ya kukabidhi, urefu wa video, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na picha ghafi zitahifadhiwa kwa muda gani.

Jambo la haki miliki nalo liandikwe. Wapiga video wengi huamini kwamba aliyeshika kamera ndiye mwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabika kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Anayetaka kutumia vipande vya harusi kujitangaza aombe mapema na akubaliwe kwa maandishi. Muziki pia una wenyewe. Wimbo wa msanii ukiwekwa bila ruhusa, video yaweza kunyamazishwa au kuondolewa mtandaoni. Maktaba ya sauti ya YouTube ina muziki wa bure kwa wasio na bajeti.

Zaidi ya hayo ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo mkahawa mmoja ulitozwa shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa yake. Faini kama hizo zinaweza kufunga studio ndogo siku hiyo hiyo. Sura ya mtu ni data yake, na ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Kwa vijana wanaotaka kazi za umma, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Biashara isiyosajiliwa haiwezi kuzigusa. Usajili ni hatua ya kwanza.

Kwa wanaotoa kazi

Mwisho ni neno kwa wazazi, maharusi, kamati za mazishi na vikundi vya kina mama. Mnapomtafuta mpiga video, msiulize bei peke yake. Mwulizeni atahifadhi nakala ngapi, na ziwe wapi. Mwulizeni sauti ya msemaji ataipataje. Akijibu bila kusitasita, mpeni malipo ya awali. Akikabidhi kazi, nanyi pia tengenezeni nakala ya pili siku hiyo hiyo, mkaiweke kwa shangazi au kwa mtoto anayekaa mjini. Mtoto atakayezaliwa katika ndoa ile naye asikie siku moja sauti ya babu akiwabariki wazazi wake.