Ngozi ya Mkono Inayoparuza
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Pemba

Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matatu: ngozi, kipele, mafuta. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Vyema. Sasa tuanze.

Kunja mkono wa nguo yako. Pitisha kiganja upande wa nje wa mkono, tangu begani mpaka kwenye kiwiko. Wengine mtaona ngozi ni laini. Wengine mtagusa vipele vidogo vidogo vikavu, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mkono unaparuza kama jani la msasa. Vipele hivi haviumi. Pengine huwasha kidogo, na mara nyingi haviwashi kabisa. Baadhi ya watu huwa navyo mapajani, na watoto wengine huwa navyo mashavuni.

Kama unavyo, usiinamishe kichwa. Madaktari wanakadiria kwamba nusu ya vijana, au zaidi ya nusu, wana vipele hivi. Wao huviita keratosi pilarisi.

Lakini watu wasiojua huleta taabu. Mtoto huambiwa asikae mkeka mmoja na wenziwe chuoni, eti ana upele. Msichana anayekaribia kuolewa husuguliwa kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka. Mtoto yule ameaibishwa bure, na msichana yule ameumizwa bure. Somo la leo ni la kuwaepusha wote wawili.

Vipele hivi vinatoka wapi?

Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana. Katika kila kitundu hutoka unywele mwembamba, ule tunaouita malaika. Mwili pia hutengeneza kitu kigumu kiitwacho keratini, ndicho kinachofanya kucha na nywele. Kwa baadhi ya watu keratini huzidi, ikaziba mlango wa kitundu kama kizibo kinavyoziba chupa. Vizibo vingi vikikaa pamoja, mkono huparuza.

Hali hii hurithiwa. Muulize mama yako au baba yako, huenda naye alikuwa navyo ujanani. Haitokani na uchafu, wala si jicho la hasidi. Tena haiambukizi. Lala na mwenzio kitanda kimoja, kaa naye mkeka mmoja, hutampa vipele wala yeye hatakupa. Wakati wa kipupwe, ngozi inapokauka, huzidi. Umri ukisogea, kwa wengi hupungua vyenyewe.

Mambo matatu ya kuacha

La kwanza, acha kusugua kwa nguvu. Dodoki gumu, mchanga na jiwe la kusugulia miguu si vya mkono. Ngozi ikichubuliwa huvimba, kisha huacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi. Usivitumbue vipele kwa kucha pia. Singo ya harusi ipakwe kwa kiganja, kwa upole, na ikiwasha ioshwe mara moja.

La pili, acha kupaka ndimu na mafuta ya makonyo. Maji ya ndimu yakikaa juu ya ngozi, na jua likaipiga, ngozi huungua na kuwa nyeusi. Na mafuta ya makonyo, yale yanayotolewa katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, ni makali. Ndani yake mna yujenoli, dawa ambayo waganga wa meno huitumia kutuliza maumivu. Yakipakwa yenyewe, bila kuchanganywa, huchoma ngozi.

La tatu, acha mkorogo. Baadhi ya dawa za kujichubua zina zebaki, na zebaki huingia mwilini ikaharibu figo. Nyingine zina dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchanika upesi. Mkorogo hauondoi kizibo kilicho ndani ya kitundu. Utapoteza fedha, na vipele vitabaki pale pale.

Mambo manne ya kufanya nyumbani

Moja. Oga kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, usikawie sana bafuni. Maji ya moto hukausha ngozi. Tumia sabuni ya kuogea isiyo kali, si sabuni ya kufulia. Jipitishie kitambaa laini.

Mbili. Jifute kwa kugusisha taulo au kanga tu, usijikwaruze. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta. Mafuta ya nazi safi yanafaa, na mafuta ya mgando ya dukani yanafaa. Mafuta huyafungia maji ndani ya ngozi. Ukingoja ngozi ikauke kabisa, umechelewa.

Tatu. Fanya hivyo kila siku, asubuhi na usiku. Haba na haba hujaza kibaba. Usitazamie mabadiliko kwa siku mbili. Ngoja wiki 4 mpaka 6. Ukiacha, vipele hurudi, kwa sababu hali yenyewe imo katika maumbile yako. Hii ni kazi ya kila siku, kama kupiga mswaki.

Nne. Kama mafuta peke yake hayatoshi, uliza katika duka la dawa upate krimu yenye yurea au asidi ya laktiki. Hizi hulainisha keratini. Paka kidogo kwanza mahali padogo uone kama itawasha. Usipake penye mchubuko. Mama mjamzito, na mzazi wa mtoto mdogo, waulize kwanza kwa daktari.

Si kila kipele ni hiki

Hapa, ndugu zangu, sikilizeni kwa makini. Yako magonjwa mengine ya ngozi yasiyofaa kungojewa nyumbani.

Kama unawashwa sana usiku, na vipele viko baina ya vidole, viungoni mwa mikono na kiunoni, na watu wengine nyumbani wanajikuna, huo ni upele hasa. Huo huambukiza. Nendeni kituo cha afya, mtibiwe wote wa nyumba kwa pamoja.

Kama vipele ni vikubwa na vigumu, viko kwenye viwiko na magoti, na mtoto hujikwaa magharibi ikiingia kwa kuwa haoni vizuri, huenda amepungukiwa na vitamini A. Mpeleke kituo cha afya bila kukawia, maana upungufu huu huweza kupofusha macho. Watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 hupewa matone ya vitamini A. Usikose zamu yako. Nyumbani mpe kisamvu, mchicha, boga, papai, embe, mayai na ini.

Kama kuna baka lenye rangi hafifu, mfanyie mwenye nalo jaribio hili. Afumbe macho, nawe uguse baka kwa ncha ya pamba. Asipohisi, aende hospitali kesho asubuhi, Chake Chake, Wete, Mkoani au iliyo karibu. Yaweza kuwa ukoma. Ukoma siku hizi hupona, na dawa yake hutolewa bure. Anayewahi hupona kabla vidole na macho hayajaharibika. Anayejificha ndani ya mkono wa baibui au kanzu ndiye anayeumia.

Basi shikeni hivi: mkono unaoparuza tu, bila dalili hizo, utunzwe kwa upole na mafuta. Usiuonee haya, wala usimcheke mwenzio. Na yule mtoto aliyetengwa chuoni, mwite arudi akae mkekani pamoja na wenziwe.

Maswali ya darasa

1. Ni kitu gani kinachoziba vitundu vya ngozi?
2. Kwa nini tusipake ndimu kisha tukatoka juani?
3. Mafuta yapakwe wakati gani?
4. Taja dalili moja inayotutaka tuende kituo cha afya.
5. Andika sentensi moja yenye neno "mafuta", kisha umsomee jirani yako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.