Shehena Kabla ya Mtu

Najua wengi wenu mnanisikiliza huku mkifunga viatu, maana kutoka Kaloleni, Mbotela na Jericho hadi viwandani watu huenda kwa miguu, na lango halimngoji mtu. Leo nataka kusema na yule ambaye asubuhi hii hana lango la kuendea.

Mzee mmoja wa kanisa letu alinijia Ijumaa jioni, barua mkononi. Alikuwa ametumika miaka 19 katika kiwanda kimoja. Akaniambia, "Kasisi, kupunguzwa si ajabu. Kazi imekuwa haba, hata sisi tuliona. Linaloniuma ni hili: jina langu lilichaguliwa na nani, na kwa kipimo gani? Amebaki kijana wa miezi minane, mpwa wa msimamizi." Sikuwa na jibu. Nilisema tuombe, na nakiri kwamba niliomba upesi upesi kwa sababu hiyo.

Usiku ule nilisoma Yona, sura ya kwanza. Sisi wahubiri hukimbilia samaki, tukawasahau mabaharia. Dhoruba ilipowakamata, walianza kwa kutupa shehena baharini. Mali ilitangulia, kabla ya mtu yeyote. Kisha walipiga kura waziwazi, wala hatusomi kwamba nahodha aliificha kura ya nduguye. Yona alipoangukiwa, walimwuliza kazi yake, nchi yake na watu wake, wakamsikiliza. Hata alipokubali mwenyewe kutupwa, bado walipiga makasia kwa nguvu wamfikishe pwani. Na hao walikuwa watu wasiomjua Mungu wa Israeli!

Ndugu yangu unayeandika orodha ofisini, pengine Jumapili tunaketi pamoja. Je, umekwisha kutupa shehena gani? Gari la mkurugenzi lingalipo?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, haiwaachii waajiri wachague wapendavyo. Yataka watazame muda ambao kila mmoja ametumika, ustadi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemeka. Aliye katika chama cha wafanyakazi, chama chake kiarifiwe si chini ya mwezi mmoja kabla. Asiye na chama aandikiwe yeye mwenyewe. Na afisa wa kazi ajulishwe. Tena anayeondoka alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Nilipomwita mzee tena, tulipiga hesabu mezani: siku 285. Barua yake ilitaja mshahara wa mwezi mmoja tu.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa afisa wa kazi. Njiani alinieleza habari za mashine yake, jinsi inavyokwama wakati wa baridi, na kwamba yule kijana hajafundishwa kuifungua. Alikuwa na wasiwasi asije akaumia vidole. Tulikaa kwenye benchi hadi saa saba, tukaambiwa turudi Alhamisi.

Tuombe.