Kiswahili Baina ya Tabibu na Mgonjwa: Istilahi Peke Yake Haitoshi



Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na hadi leo madaktari wetu husomeshwa kwa Kiingereza. Mgonjwa naye hujieleza kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo wanaisimu tumeelekeza juhudi kubwa katika uundaji wa istilahi, na Kamusi ya Tiba ya TUKI ni tunda mojawapo la juhudi hizo. Hoja yangu ni kwamba istilahi peke yake haitoshi. Neno geni hujidhihirisha kwa ugeni wake. La hatari zaidi ni lile ambalo tabibu na mgonjwa wote wanalijua, kila mmoja kwa maana yake.

Tuchukue neno chanya. Katika hisabati na sayansi, neno hili halisifu wala halilaumu. Katika magazeti na redio, hata hivyo, limekuwa jina la jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Aliyepima Virusi vya UKIMWI akaambiwa kuwa majibu yake ni chanya, anaweza kurudi nyumbani akishukuru. Ni heri mshauri nasaha aseme waziwazi: "Kipimo kimeonyesha kuwa una virusi."

Mfano wa pili umo katika bahasha za dawa: kutwa mara tatu. Katika Kiswahili fasaha, kutwa ni tangu macheo hadi machweo; ndiyo maana husemwa kutwa kucha pale usiku unapojumuishwa. Ikiwa tabibu amekusudia kila baada ya saa nane, mgonjwa anayeijua vyema lugha yake aweza kumeza vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, kisha akakaa usiku mzima bila dawa. Huyo hakukosea; ametii alichoandikiwa.

Mfano wa tatu ni degedege. Katika baadhi ya jamii za pwani ya Tanzania, hili si jina la dalili tu, bali la ugonjwa kamili wenye chanzo chake, pengine pepo. Mzazi aliyehimizwa kumwahisha hospitalini mtoto mwenye malaria kali huenda asione kwamba wito huo unamhusu mwanawe anayetetemeka na kukaza macho. Kwake, malaria ni la hospitali na degedege ni la mganga wa jadi. Saa zinazopotea hapo zaweza kugharimu uhai.

Juu ya hayo ipo adabu. Daktari akiuliza, "Umeelewa?", mgonjwa hujibu, "Ndiyo, daktari." Ndiyo hiyo mara nyingi ni heshima, wala si ithibati ya kuelewa. Vilevile, bibi anayehojiwa kuhusu haja zake na kijana wa umri wa mjukuu wake, tena bila shikamoo, atafupisha maelezo. Swali lifaalo ni hili: "Bibi, hebu nieleze utakavyozimeza dawa hizi ukifika nyumbani." Jibu lake litafichua kosa lingali likirekebishika.

Napendekeza, basi, mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa udaktari wafundishwe matumizi ya Kiswahili, si msamiati wake tu. Pili, wanafunzi wetu wa isimu, kwa idhini ya wahusika, wakusanye maneno wanayotumia wagonjwa wenyewe, ili kamusi za tiba zijazo zianzie kinywani mwa mgonjwa.