Talanta ya Mwenye Benki



Katika Injili ya Dominika hii ya 33 ya Mwaka A tumesikia juu ya bwana aliyewakabidhi watumishi wake talanta, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Siku hizi neno hilo tumelizoea kwa maana ya kipaji. Lakini katika mfano wa Bwana talanta ilikuwa fedha, tena fedha nyingi. Yafaa basi tujiulize: wimbo wa kanisani ni wa mwenye sauti peke yake, ama ni pia wa yule atoaye mali yake ili sauti isikike?

Tumtazame Henry Lee Higginson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1834. Ujanani alitamani kuwa mwanamuziki, akaenda Vienna kujifunza. Huko mkono wake ukaumia, naye akatambua kwamba kipaji alichokitamani hakikuwa chake. Akarudi kwao, akajeruhiwa vitani mwaka 1863, na mwaka 1868 akaingia katika benki alimokuwamo baba yake, mjini Boston.

Wengi wetu tungaliishia hapo, na uchungu moyoni. Yeye, mwaka 1881, alianzisha Okestra ya Simfoni ya Boston. Viingilio visipotosha, aliziba pengo kwa fedha zake, na hivyo akafanya hadi mwaka 1918. Baadhi ya viti viliuzwa senti 25 tu, ili wenye kipato kidogo wasifungiwe mlango. Uchaguzi wa muziki alimwachia kiongozi wa okestra. Hakuwa malaika: wapiga vyombo aliwafunga kwa mikataba migumu, na chama chao cha wafanyakazi hakukikubali. Hata mkono utoao wahitaji kuongoka.

Sasa tujitazame sisi wa Elerai, chini ya Mlima Meru. Arusha ni mji wa biashara, na Mungu amewajalia wengi wetu riziki. Lakini kinanda kikiharibika, kwaya huhangaika miezi. Mmoja husema, "Mimi si mwimbaji, hayo si yangu." Huyo amefukia talanta ardhini. Mwingine hununua kinanda kipya, kisha hutaka achague nyimbo, amteue mwalimu wa kwaya, na jina lake litangazwe kila Dominika. Huyo hakununua kinanda. Amekusudia kuinunua kwaya.

Wapendwa, tulichonyimwa kisitufanye tuwaonee wivu waliojaliwa. Asiyeweza kuimba aweza kulipia nauli ya kijana anayetoka mbali kuja mazoezini. Asiye na fedha aweza kufagia ukumbi wa mazoezi. Juma hili, katika jumuiya zetu ndogondogo, kila mmoja ajiulize ni kitu gani alichokabidhiwa, na amekiweka wapi. Kisha atoe, na akiisha kutoa aachilie.

Bwana atakaporudi kufanya hesabu, atukute na faida mikononi, wala si udongo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.