Katuni, Uanamichezo na Wema kwa Watoto wa Shule za Awali



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mizani, risiti na tarehe za mwisho wa matumizi. Leo tunazungumzia bidhaa isiyopimwa kwa mizani, nayo ni katuni za watoto. Tunazilipia kwa ada ya king'amuzi, kwa bando la simu na, zaidi ya yote, kwa saa za utoto ambazo hazirudi. Yatupasa basi kuuliza kile tunachouliza mbele ya bidhaa yoyote: tunapata nini kwa tunachotoa?

Mtoto wa miaka 3 hadi 6 anakabiliwa na masomo mawili magumu: kushindwa bila kuvuruga mchezo, na kushinda bila kumdhihaki mwenzake. Anayepindua ubao wa ludo kwa kuwa dada yake ametangulia kufika bado hajajua la kufanya na uchungu wake. Akiachwa hivyo, wenzake watamkwepa kwenye rede na kombolela, naye atakosa mafunzo ambayo hupatikana uwanjani tu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na wanamichezo husema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Katuni njema yaweza kusaidia. Chukueni Bluey, katuni ya Australia iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2018. Katika kipindi chake kimoja, watoto kwenye sherehe wanapokezana kifurushi muziki ukipigwa. Muziki ukikoma, aliyekishika hubandua karatasi moja. Wamezoea kukuta zawadi katika kila karatasi. Baba mmoja anaweka zawadi moja tu, katikati kabisa. Watoto wanalia, wazazi wenzake wanalalamika. Lakini sherehe baada ya sherehe, watoto wanaanza kuzoea kukosa. Mtazamaji mdogo anaona jambo ambalo ni vigumu kumweleza kwa maneno: uchungu wa kushindwa hupita.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunayo Akili and Me, inayotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na usingizini hukutana na marafiki zake wanyama. Faida yake ni kwamba mtoto wetu husikia Kiswahili na kuona mazingira anayoyafahamu, hivyo funzo halimfikii kama habari za ugenini.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Katuni nyingi hutumia dakika nyingi kuonyesha ugomvi, kejeli na hila, kisha upatanisho huja kwa sekunde chache mwishoni. Mtu mzima hufuata kisa hadi mwisho na kuelewa mafunzo yake. Mtoto mdogo huenda akabaki na ile kejeli iliyomchekesha.

Ndiyo maana uwepo wa mzazi una uzito. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo kuhusu watoto wa miaka 2 hadi 6 waliotazama katuni ya Daniel Tiger's Neighborhood kwa wiki mbili. Watoto hao walionyesha huruma zaidi kwa wengine, lakini faida hiyo ilionekana kwa wale ambao wazazi wao walikuwa na desturi ya kuzungumza nao juu ya wanayoyatazama. Katuni hupanda mbegu. Mazungumzo ndiyo maji.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

Kwanza, tazameni kipindi kimoja kizima kabla ya kumruhusu mtoto. Angalieni aliyeshindwa anatendewaje: anachekwa, au anatiwa moyo?

Pili, ulizeni maswali mafupi mkitazama pamoja: "Unadhani huyu anajisikiaje?" "Wewe ungemwambia nini?"

Tatu, katuni ikiisha, chezeni. Mchezo mfupi wa karata au wa kurusha mpira humpa mtoto nafasi ya kutenda alichokiona. Msimwachie ashinde kila mara. Akishindwa, mfundisheni kumpa mshindi mkono, akishinda, kumwambia mwenzake, "Umecheza vizuri."

Nne, zingatieni kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwenye simu, zimeni mpangilio unaofanya video zifuatane zenyewe.

Tano, jihadharini na biashara iliyojificha. Si kila video yenye mhusika anayependwa imetengenezwa na wenye katuni hiyo, na nyingine ni matangazo ya vitu vya kuchezea. Wema haununuliwi pamoja na mwanasesere.

Ndugu zetu, mtoto hututazama sisi zaidi ya anavyotazama runinga. Tukimtukana mwamuzi timu yetu inapofungwa, hakuna katuni itakayofuta somo hilo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tuchague vema, tutazame naye, kisha tuzime runinga tukacheze naye.