Januari katika Shule ya Marafiki: Kimya, Kazi na Mlango Uliofungwa



Kila mwaka, tangu tarehe 18 hadi 25 Januari, Wakristo wa madhehebu mengi huuombea umoja wao. Ni desturi njema katika juma hilo kujifunza jambo kwa ndugu wasio wa kanisa letu. Safari hii tumechagua kuwaeleza jinsi mwezi wa Januari unavyopita katika shule ya sekondari ya Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka, huko Pennsylvania, Marekani. Tumeichagua kwa sababu mazuri yake yanatufundisha, na kosa lake la zamani linatuonya.

Marafiki si wageni katika Afrika ya Mashariki. Wamisionari wao watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini ibada ya Kaimosi ina nyimbo na mahubiri, hali ibada ya Pennsylvania kwa kawaida ni ya kimya. Watu huketi pamoja wakimngoja Mungu, bila mhubiri aliyeandaliwa. Anayesukumwa moyoni husimama, akasema maneno machache, akaketi. Kisha kimya hurudi.

Shule ya Westtown, karibu na mji wa West Chester, iliasisiwa na Marafiki mwaka 1799, nayo ilipokea wavulana na wasichana tangu mwanzo. Januari huko ni katikati ya majira ya baridi. Miti imepukutisha majani, theluji huweza kufunika viwanja, na jua huzama mnamo saa kumi na moja jioni. Mtu angedhani kwamba katika baridi hiyo shule husinzia. La hasha. Katika shule za namna hiyo wanafunzi hurudi kutoka likizo ya Krismasi wakakuta masomo yanawangoja, mechi za mpira wa kikapu zinaendelea, na walio darasa la mwisho wanahangaikia maombi ya vyuo vikuu. Juu ya hayo ziko zamu za kazi: kuosha vyombo, kufagia, kupanga viti. Mtoto wa tajiri na mtoto anayesomeshwa kwa msaada hushika ufagio mmoja.

Jumatatu ya tatu ya mwezi huo ni sikukuu ya taifa ya kumkumbuka Martin Luther King, aliyezaliwa tarehe 15 Januari 1929. Sikukuu hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Shule nyingi za Marafiki huitumia siku hiyo kwa mafunzo juu ya haki na kwa kazi za kuwahudumia wenye shida.

Na katikati ya shughuli zote hizo, kila juma, shule nzima huketi kimya. Vijana wenye haraka ya kukimbilia mchezo au mtihani hulazimika kutulia na kusikilizana. Wazee wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Marafiki huupeleka utulivu huo hata katika vikao vyao vya uamuzi. Hawapigi kura. Karani wa kikao husikiliza, hupima mwelekeo wa wote, kisha husoma maneno anayoona yanabeba nia ya kikao. Kama mmoja ana uzito moyoni, wenzake hungoja. Hivyo wachache hawamezwi na wingi wa mikono.

Ndugu zangu, hapa ndipo tunapopaswa kusema ukweli wote. Marafiki wa Germantown, Pennsylvania, waliandika tamko la kuupinga utumwa mapema mwaka 1688. Lakini mkutano wao mkuu wa Philadelphia ulikataza waumini wake kumiliki watumwa mwaka 1776 tu, yaani miaka 88 baadaye. Na shule zao nyingi ziliendelea kuwafungia mlango watoto weusi kwa muda mrefu zaidi. Westtown yenyewe haikuwapokea hadi miaka ya 1940.

Katika mji huohuo wa West Chester alizaliwa Bayard Rustin mwaka 1912. Alilelewa na bibi yake, mama aliyekuzwa katika mafundisho ya Marafiki. Mtoto huyu mweusi alikua kilomita chache tu kutoka shule ya Marafiki, na shule hiyo haikuwa na nafasi kwa ajili ya mtoto kama yeye. Alisoma katika shule ya serikali ya mji wake. Baadaye yeye mwenyewe akawa Rafiki, akamshauri King juu ya njia ya kutotumia nguvu, na akawa mratibu mkuu wa maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963.

Je, kimya kile kilikuwa na kasoro gani? Kilimlinda kila aliyekuwamo chumbani. Hakikumlinda aliyekuwa nje ya mlango. Waliongojana kwa upole walikuwa wao kwa wao, na gharama ya kungoja ililipwa na mwingine.

Tusiwanyoshee kidole. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe tulishiriki kikao kimoja cha parokia kilichopanga mchango wa ujenzi. Tulihesabu mikono, na shauri likaisha kwa robo saa. Tukashukuru kwamba tumemaliza mapema. Miezi ikapita, na baadhi ya familia zikaacha kuja jumuiyani. Tulipowatembelea, mama mmoja mjane alituambia kwamba kilichomuumiza zaidi ya fedha ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Tena kikao kile kilifanyika saa ambayo yeye yuko sokoni akiuza mboga. Hata kama tungengojana kutwa nzima hadi wote tuafikiane, yeye asingekuwamo.

Basi tunajifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, tusikimbilie kuhesabu mikono. Tujifunze kutulia na kumsikiliza mwenye uzito moyoni. La pili, kabla ya kutulia, tutazame viti. Utaratibu mzuri wa kuamua hauwi haki mpaka yule atakayebeba mzigo awe amekaribishwa.

Tunapendekeza kila halmashauri ya parokia na kila jumuiya ndogondogo ijaribu hivi kwa mwezi mmoja. Kabla ya kufungua kikao, mwenyekiti aulize: nani ataguswa na shauri hili, naye hayupo hapa? Majina yaandikwe. Kama ni wengi, saa ya kikao ibadilishwe, au wajumbe wawili wawaendee nyumbani kabla ya uamuzi. Kisha tukae kimya kwa dakika chache, ndipo tuseme.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Ni uamuzi gani wa karibuni ambao sisi tuliufanya bila wale walioubeba?
2. Saa na mahali pa vikao vyetu panamfaa nani, na panamzuia nani?
3. Nani kati yetu atakwenda juma hili kumwuliza asiyeulizwa?