Barua ya Ajira Inapodai Fedha

(Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Malinyi)



Mazungumzo haya yanahusu barua moja tu, ingawa barua hiyo imeandikwa mara nyingi na kwa majina mengi. Huingia katika simu ya kijana aliyemaliza kidato cha nne, au chuo cha ufundi, au shahada, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akituma maombi ya kazi bila kujibiwa. Safari hii anajibiwa. Kichwa cha barua pepe kimeandikwa kwa herufi kubwa: HONGERA, UMECHAGULIWA. Ndani yake, kwa mfano, husomeka hivi:

"Tunayo furaha kukujulisha kuwa umeteuliwa kushika nafasi ya Msaidizi wa Ghala. Mshahara ni shilingi 1,450,000 kwa mwezi, pamoja na nyumba na bima ya afya. Kwa kuwa nafasi ni chache, tuma nakala ya kitambulisho cha NIDA, vyeti vyako na shilingi 65,000 za uchunguzi wa afya kabla ya saa kumi jioni leo. Fedha hizi utarejeshewa pamoja na mshahara wa kwanza. Usipige simu ofisini, kwani mchakato huu ni wa siri."

Barua hii ya mfano haina kosa kubwa la lugha. Zamani Kiswahili kibovu kilitosha kumfichua tapeli. Leo zipo programu za kompyuta zinazoandika sentensi safi kwa sekunde chache. Nembo ya taasisi hunakiliwa kutoka kwenye tovuti yake, na mhuri huchorwa. Hivyo msomaji asihangaike na uzuri wa barua. Atazame yale yasiyopambika kwa urahisi.

Aanze na anwani. Kinachoonekana juu ya barua pepe ni jina, na jina hilo mtumaji hujichagulia mwenyewe. Mtu yeyote aweza kujiita Idara ya Utumishi. Likiguswa jina, anwani kamili hufunguka, nayo inafaa kusomwa kuanzia mwisho. Anwani za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Tapeli mjanja huyaweka maneno hayo mahali pengine, pengine kabla ya alama ya @, pengine katikati ya neno refu linaloishia na .com. Mwisho wa anwani ndio ukoo wake. Mwanzo ni jina la kupanga tu. Hata hivyo, anwani inayoonekana sahihi nayo haitoshi, kwa sababu wapo wanaojua kuighushi.

Jambo la pili ni swali jepesi: je, kazi hii iliombwa? Maombi ya kazi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumwa kupitia mfumo wa Ajira Portal, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani katika tovuti ya www.ajira.go.tz. Kuomba ni bure. Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo yametamka wazi kwamba hayamtozi mwombaji fedha katika hatua yoyote, iwe ni maombi, usaili au mafunzo. Aliyeteuliwa kwa kazi ambayo hakuiomba, kwa usaili ambao hakuufanya, ana kila sababu ya kutilia shaka.

Mpaka hapo mambo ni mepesi, na vijana wengi wanayajua. Ugumu upo kwingine. Mbona basi mtu mwenye elimu yake analipa? Jibu lisilopendeza ni kwamba wengi hulipa huku wakihisi kuna walakini, ila wanadhani walakini huo ni wa upande wao. Imekuwa kawaida kusema kwamba kazi haipatikani bila kujuana, bila mtu wa ndani, bila kutoa kitu kidogo. Mwenye imani hiyo akiombwa shilingi 65,000 haoni utapeli. Anaona kwamba hatimaye mlango umefunguka na yeye. Ndiyo maana neno zito kuliko yote katika barua ile ni "siri". Linamfanya mlengwa ajione mshirika. Akishapoteza fedha hatalalamika, kwa kuwa kulalamika ni kukiri kwamba alikusudia kununua kazi.

Na mara nyingi fedha zenyewe si zake. Katika wilaya hii ya wakulima wa mpunga, ada kama hiyo hutoka kwenye gunia lililouzwa kabla ya bei kupanda, kwa mama aliyetoa akiba ya kikoba, au kwa mjomba aliyekopa. Baada ya ada ya afya huja ada ya sare, kisha ya mafunzo, kisha ya usafiri, na kila moja huonekana ndogo ukilinganisha na kile kilichokwisha kutolewa. Kijana hunyamaza kwa aibu mbele ya ukoo mzima, na ukimya huo humruhusu tapeli kuhamia nyumba ya pili.

Bonde la Kilombero lina waajiri wanaojulikana: kiwanda cha sukari, taasisi ya utafiti wa afya, mashamba ya misaji, reli ya TAZARA, hospitali na halmashauri zenyewe. Tapeli hana haja ya kubuni mwajiri wakati jina linaloaminika anaweza kuliazima. Dawa yake ni kumfuata mwenye jina. Namba ya simu itafutwe kwenye tovuti ya taasisi, kamwe isichukuliwe ndani ya barua inayotiliwa shaka. Nauli ya kwenda Ifakara na kurudi mara nyingi ni nafuu kuliko "ada" inayoombwa, na mlinzi wa getini tu anaweza kueleza kama kuna watu wanaoajiriwa.

Wanaopuuza ombi la fedha wakati mwingine hutuma vitambulisho bila wasiwasi, wakidhani karatasi haina gharama. Hapo Malinyi na jirani zake wana sababu ya pekee ya kuwa macho. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, za mwaka 2024 ziliutaja Mkoa wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa namba za simu zilizohusishwa na ulaghai. Mkoa huu ni mpana, na takwimu ya mkoa si hukumu ya kijiji. Lakini tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya NIDA, maana yake kila laini ya tapeli ina jina la mtu. Mara nyingine jina hilo ni la mzee aliyeambiwa na msajili wa mtaani kwamba kidole hakijasoma, arudie. Mtu huyo ndiye polisi humfikia kwanza. Kupiga *106# kunamwezesha mwenye NIDA kuona idadi ya laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na asizozitambua azipeleke kwenye ofisi ya mtandao husika zifutwe.

Barua za kazi za ng'ambo ni hatari zaidi, maana kinachopotea ni zaidi ya fedha. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza kuokolewa kwa raia wake walioahidiwa kazi nchini Thailand, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo ambako walilazimishwa kuwatapeli watu wengine kwa mtandao. Waganda nao walikuwamo. Yaani baadhi ya wanaoandika barua hizi wenyewe waliletwa huko na barua kama hizi. Anayepata ahadi ya kazi nje ya nchi auonyeshe mkataba kwa ofisi ya Serikali inayoshughulikia huduma za ajira kabla ya kukabidhi pasipoti.

Aliyekwisha kutuma fedha apige namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja, pengine muamala utazuiwa kabla fedha hazijatolewa kwa wakala. Hapa dakika zina thamani. Ujumbe mfupi wa kitapeli utumwe kwenda 15040. Barua pepe isifutwe, kwani ni ushahidi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ipelekwe kituo cha polisi pamoja na kumbukumbu ya muamala. Na akitokea mtu mwingine kwa barua pepe akidai anaweza kuzirudisha fedha hizo kwa malipo kidogo, huyo ni tapeli yuleyule, au rafiki yake.

Limebaki jambo la steshenari. Wakazi wengi wamefunguliwa barua pepe na akaunti ya Ajira Portal na kijana wa steshenari, ambaye pia ndiye aliyeipanga nywila na kuiandika kwenye daftari lake ili mteja asisahau. Ni msaada wa kweli, hasa kwa asiye na simu janja. Lakini daftari hilo husomwa na kila anayekaa kwenye kiti kile, na mwenye nywila anaweza kuiona barua ya usaili kabla ya mwenyewe. Nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, na namba ya simu inayowekwa kwa ajili ya kuifungua akaunti upya iwe ya mwombaji mwenyewe.